Miungu Iliyoandikwa kwa Wino wa Maadui

Mjadala huu ulianza na kitabu cha picha. Mhandisi, kijana wa mtaani petu aliyesoma Kiev miaka sita na kurejea na shahada yake pamoja na mapenzi makubwa ya nchi ile, alikileta barazani kwa Maalim baada ya sala ya alasiri, akakifunua juu ya mkeka, nasi tukakiinamia: kila ukurasa mungu mmoja wa Waslavi wa kale, amechorwa kwa rangi kali, na ndevu zake na silaha yake na mnyama wake, na chini yake jina na kazi, Perun wa radi, Veles wa mifugo, Dazhbog wa jua, Stribog wa pepo, Mokosh wa wanawake na uzi, Lada wa mapenzi, Belobog wa kheri na Chernobog wa shari, hata ungedhani unatazama mawaziri wa dola fulani, kila mmoja na idara yake. Maalim alizipitia kurasa zote polepole, bila ya kuruka hata mmoja, kisha akauliza swali lililotuketisha pale hata adhana ya magharibi: "Nyuso hizi, nani aliyeziona?"

Yafaa niwataje waliokuwapo, ili msomaji ajue neno limetoka kinywani mwa nani. Maalim amesomesha tarikhi zaidi ya miaka thelathini, na hakubali jambo ila kwa hati. Sheikh, jirani yake, ni mtu wa vitabu vya Kiarabu, na hasa vile vya wasafiri wa zamani. Bibi Mkunga, ambaye nusu ya mtaa wetu imezaliwa mikononi mwake, alipelekwa Kraków katika miaka ya 1970 kusomea kazi yake, na Kipolandi hakijamtoka hata leo. Mhandisi mmekwisha mjua. Mimi nilishika kalamu, na pale niliposhindwa kunyamaza nilisema.

"Maalim wangu," akajibu Mhandisi kwa adabu, ingawa uso ulikuwa umemwiva, "walioona ni wengi. Procopius wa Kaisaria, mwandishi wa dola ya Rumi katika karne ya 6, anasema kwamba Waslavi humkiri mungu mmoja, muumba wa umeme, kuwa ndiye bwana wa kila kitu, na humchinjia ng'ombe, na pamoja naye huitukuza mito na majini wa kike wakaao humo. Kisha watu wa Kiev, walipofanya mapatano na Kostantinopoli, mwaka 907, na 945, na tena 971, waliapa kwa Perun mungu wao, na katika mapatano ya kwanza na ya mwisho wakamtaja pia Volos mungu wa mifugo, ambaye ndiye huyu Veles. Je, mtu huapa kwa jina asilolijali, tena mbele ya hasimu wake, na mali na damu vimo mizanini?"

"Yamini naikubali, mwanangu, na lau ningekuwa kadhi ningeipokea," akasema Maalim. "Lakini nani aliyeiandika? Waslavi hawakuwa na herufi za lugha yao mpaka Cyril na Methodius, ndugu wawili wa Thessaloniki, walipopelekwa Moravia mwaka 863, na herufi zile zilitungwa kwa ajili ya Injili. Kwa hiyo kalamu ya kwanza waliyoishika ilikuwa tayari kalamu ya dini iliyokuja kuiondoa miungu hiyo. Kitabu cha tarikhi unachonitolea yamini hizo kilikusanywa na watawa wa Kiev mwanzoni mwa karne ya 12, na Perun alikuwa amekwisha tupwa mtoni zaidi ya miaka 100. Upande wa magharibi, pwani ya bahari ya Baltiki, walioandika ni Thietmar askofu wa Merseburg, na Adam wa Bremen, na Helmold padri wa Bosau, na Saxo wa Denmark, wote watu wa kanisa, na kanisa likiwa vitani na hao wanaoandikwa. Hapana hata kuhani mmoja wa Perun aliyetuachia waraka. Hapana utenzi, wala dua, wala kisa cha namna ulimwengu ulivyoumbwa. Fikiri lau kuwa nasi tusingesaliwa na chochote chetu, hata khutba moja, kisha mtu aje baadaye aichore dini yetu kwa barua za Wareno."

Neno hilo la Wareno lilitutuliza kidogo, kwa kuwa kila mmoja wetu alilipima kwa nafsi yake. Sheikh ndiye aliyekivunja kile kimya.

"Pana watu umewasahau, Maalim, ambao hawakuwa na vita na mtu. Ibn Fadlan alitumwa na khalifa al-Muqtadir kutoka Baghdad mwaka 921 kwenda kwa mfalme wa Bulghar, juu ya mto Volga, na huko akawakuta wafanyabiashara wa Rus wametia nanga. Amesimulia, naye ni shahidi wa macho, kwamba kila mmoja wao alipofika bandarini alishuka na mkate na nyama na vitunguu na maziwa na kileo, akaenda mpaka kwenye gogo refu lililosimikwa, lenye uso mfano wa uso wa mwanadamu, na kando yake masanamu madogo, akasujudu, akamhesabia bwana wake ngozi alizokuja nazo na wajakazi aliokuja kuwauza, kisha akamwomba amletee tajiri mwenye dinari na dirhamu nyingi, atakayenunua bila ya kumbishia bei. Na biashara ikichelewa, hurudi tena na tunu nyingine, akawaomba hata wale wadogo wamwombee kwa mkubwa wao. Mimi si mwenye kumtetea aabuduye gogo. Lakini kila nisomapo mahali hapo namwona mtu, namsikia na dua yake."

"Nami namwona," akasema Maalim, "ila sina hakika kama ni Mslavi. Rus wale wa Volga, wanavyuoni wengi wanawahesabu kuwa ni watu wa asili ya kaskazini, wa Skandinavia, waliokuwa wakichanganyika na Waslavi. Na gogo lile halikutajwa jina."

Sheikh akalikubali hilo bila ya ubishi, kisha akamleta al-Mas'udi, na hapo mazungumzo yakatufikia miguuni petu wenyewe. Katika Muruj adh-Dhahab, kitabu cha karne ya 10, al-Mas'udi ameyataja mahekalu matatu ya Saqaliba, ndilo jina walilopewa Waslavi na Waarabu: moja juu ya mlima mrefu, lililojengwa kwa mawe ya rangi mbalimbali na kutobolewa matundu ya kupokea jua linapochomoza, na jingine juu ya mlima mweusi, lenye sanamu la mzee mwenye fimbo, anayeipekulia mifupa ya wafu. Maalim alimsikiliza hata mwisho, na jibu lake naliandika kama lilivyotoka, kwa kuwa kwangu mimi ndilo lililoupa mjadala ule mizani yake.

"Al-Mas'udi huyu huyu alifika pwani yetu. Alisafiri kutoka Qanbalu, ambayo wengi huiona kuwa ni Pemba, kwenda Oman mwaka 304 wa Hijra, akatuandikia kwamba Zanji humwita Mungu Maliknajlu, neno ambalo watu wa elimu mpaka leo wanalitegea sikio wakitafuta ndani yake mkulu wa Kibantu. Neno moja, tena limevunjika ulimini mwa mgeni, walakini limetoka kinywani mwa mtu. Nchi ya Saqaliba hakuikanyaga. Na mahekalu yale yanafanana zaidi na mahekalu ya sayari yanayosimuliwa na wanafalsafa kuliko kitu chochote kilichofukuliwa ardhini huko. Alikofika alituachia neno moja. Asikofika akajenga majumba matatu."

Mhandisi hakushindwa. Alivuta subira, akapanga hoja yake kama apangavyo hesabu ya daraja, na ilikuwa hoja njema. "Ikiwa kila shahidi peke yake ana walakini," akasema, "tutazame pale wanapokubaliana mashahidi wasiojuana. Thietmar, aliyefariki mwaka 1018, anasema kwamba katika mji mtakatifu wa Waredari, kaskazini ya Ujerumani ya leo, mkuu wa miungu aliitwa Zuarasici. Na huko kwa Warusi, mbali kabisa, khutba za kale za Kikristo zinawakemea watu wanaouomba moto na kuuita Svarozhich. Mlatini yule hakusoma Kislavoni, na mhubiri yule hakumsoma Mlatini, na jina ni moja. Kadhalika Perun: Mpolandi wa leo aonapo radi imepiga huiita piorun, na Walithuania, ambao si Waslavi bali ni jirani zao, walikuwa na mungu wa radi wakimwita Perkūnas. Je, hili nalo ni wino wa maadui?"

"Hiyo ni hoja," akasema Maalim, na wamjuao wanafahamu kwamba neno hilo halitoi bure. "Naiweka upande wako. Sasa twende kilimani Kiev, maana picha zako nyingi zimetoka huko."

Akatusimulia jambo ambalo wengi wanalijua nusu. Vladimir alipoipata enzi ya Kiev, mwaka 980, alisimamisha masanamu juu ya kilima nje ya ua wa kasri yake: Perun wa mti, kichwa chake cha fedha na masharubu yake ya dhahabu, kisha Khors, Dazhbog, Stribog, Simargl na Mokosh. Majina ya Khors na Simargl wanavyuoni wengi wanayarejesha kwa watu wa Kiirani wa nyika za kusini. Na Volos, ambaye watu wa Kiev walimwapia miaka 9 tu nyuma, hayumo kabisa kilimani. "Orodha hii, ambayo vitabu vyote vya picha vinaitegemea," akasema Maalim, "imepangwa na mtawala aliyetaka makabila yake mbalimbali yainue macho kutazama kilima kimoja. Watu wanaisoma kama msahafu wa dini, na mimi naisoma kama daftari la dola. Nayo ilidumu miaka 8. Mwaka 988 Vladimir huyo huyo, amekwisha kubatizwa, aliamuru Perun afungwe mkiani mwa farasi na kuburutwa mpaka majini, na watu 12 wakimpiga kwa fimbo njia nzima. Akatupwa katika mto Dnieper, na watu wakawekwa kumsukuma kila aliposogea ukingoni, mpaka apite maporomoko. Upepo ukamtupa juu ya fungu la mchanga, na fungu lile likaitwa kwa jina lake."

"Na watu?" akauliza Sheikh.

"Mtawa mwenyewe anasema kwamba wale ambao hawajabatizwa walimlilia."

"Neno hilo," akasema Sheikh baada ya kutafakari, "naliamini kuliko yote mengine aliyoyaandika, kwa kuwa halimfai kitu. Mtu akimsimulia adui yake akamwongezea ubaya, tuhuma zipo. Lakini akimwandikia machozi, ameandika aliyoyaona yeye au waliyoyaona wazee wake."

Hapa ndipo nilipoiweka kalamu chini. Nilisema, na sasa nasema tena, kwamba neno la Sheikh limetupa ufunguo ambao Maalim na Mhandisi walikuwa wakiutafuta kila mmoja kwa mkono wake: si lazima tumwamini adui, wala si lazima tumtupe, bali tumwangalie hasa pale anapoandika jambo lisilomtumikia. Maalim akaongeza kisa cha Novgorod, ambako Perun alisimamishwa na Dobrynya, mjomba wa Vladimir, juu ya mto Volkhov, naye akatupwa vilevile. Na tarikhi ya huko inamtaja mfinyanzi aliyekuwa akipeleka vyungu mjini, akalikuta sanamu limekwama ukingoni, akalisukuma kwa mti, akaliambia kwamba limekula na kunywa likashiba, basi na liende zake. Bibi Mkunga, aliyekuwa hajasema neno, akatikisa kichwa na kusema kwamba mfinyanzi yule alimjua Perun kwa chakula, maana yake alikuwa mmoja wa waliomlisha.

"Basi kama huo ndio ufunguo," akadakia Mhandisi, "nipeni ruhusa niwafungulie Arkona."

Arkona ilikuwa kwenye ncha ya kisiwa cha Rügen, juu ya majabali meupe yanayoitazama bahari, na ndani ya hekalu la mbao zilizochongwa kwa ustadi alisimama Svantevit, mrefu kushinda kimo cha mwanadamu, mwenye vichwa vinne na shingo nne, viwili vikitazama mbele na viwili nyuma, na katika mkono wake wa kulia pembe iliyopambwa kwa madini ya namna nyingi. Saxo, ambaye ndiye mwenye khabari hizi, alimwandikia askofu Absalon, yule yule aliyeliangusha hekalu lile, na hakuwa na huruma hata chembe na watu wa Rügen; walakini sikilizeni aliyoyaandika. Kila mwaka mavuno yakiisha, siku moja kabla ya sikukuu, kuhani aliingia peke yake kupafagia mahali patakatifu, akiizuia pumzi, na kila alipohitaji kupumua akakimbilia mlangoni, ili mungu asichafuliwe na pumzi ya mwenye kufa. Kesho yake, umma umekusanyika nje, aliitwaa ile pembe na kuitazama: kinywaji alichokitia mwaka uliopita kikiwa kimepungua, aliwaonya waweke akiba, mwaka ujao ni wa njaa, kikiwa hakikupungua, aliwabashiria neema. Cha zamani akakimwaga miguuni pa sanamu, akaijaza pembe upya, akawaombea watu mali na ushindi. Kisha ukaletwa mkate wa asali, wa mviringo, kimo chake karibu ya kimo cha mtu. Kuhani akausimamisha baina yake na watu, akawauliza kama wanamwona. Wakijibu kwamba wanamwona, yeye aliomba kwamba mwakani wasiweze kumwona.

Mhandisi alipofika hapo alinyamaza, na hapana aliyetaka kumharakisha. Walikuwapo na wapanda farasi 300 waliokuwa askari wa hekalu, na farasi mweupe ambaye hakupandwa na mtu ila kuhani, na ambaye kwa hatua zake juu ya mikuki iliyolazwa walibashiria safari za vita. Hayo alitupitishia kwa haraka. Mwaka 1168 mfalme Valdemar wa Denmark na Absalon waliutwaa mji. Sanamu likakatwa miguuni, likaanguka kwa kishindo. Wenyeji hawakuthubutu kuligusa, kwa hiyo wakaamriwa mateka na wageni walifunge kamba. Likaburutwa mpaka kambini, na jioni likapasuliwa kuni za kupikia.

"Hapo umeshinda nusu na kunipa nusu," akasema Maalim. "Vichwa vinne sina hoja navyo, Saxo aliandika miongo kadhaa baada ya kuni zile kuwa majivu. Lakini mkate! Mwandishi anayetaka kuwafanya watu waonekane wapumbavu wa kuogofya angewatungia damu, kama wengine walivyotunga. Hakuna mtu atungaye mkate."

"Na mungu wa Arkona naye alikuwa mungu wa dola, Maalim, ana hazina na jeshi na kodi," akasema Mhandisi, "na hakudumu miaka 8 tu. Alisimama mpaka alipoangushwa na mikono ya wageni, si na mtawala wake mwenyewe. Kwa hiyo usituambie kwamba kila kilichosimamishwa na enzi hakina mizizi." Maalim aliinamisha kichwa, ishara ya kukubali, na mimi pia nilikubali, ingawa nilikuwa nimekwisha anza kuipenda ile fikra yake ya daftari. Triglav wa Szczecin, mwenye vichwa vitatu, na Rugievit wa mji wa Garz, mwenye nyuso saba katika kichwa kimoja, ambaye mbayuwayu walikuwa wamejenga matundu yao chini ya nyuso zake, tuliwagusa tu na kuwaacha.

Ndipo Bibi Mkunga aliposema, na alisema kwa muda mrefu kuliko sisi sote.

"Nyinyi wanaume mmekaa vilimani na mahekaluni tangu alasiri, mnagombania walioanguka. Mimi nataka kuuliza khabari za yule wa sita. Mokosh alikuwa wa mwisho katika hesabu ya kile kilima, na mwanamke pekee. Mtawa wenu amesimulia Perun alivyoburutwa. Mokosh hakumpa hata mstari mmoja. Mnadhani alikwenda wapi? Mapadri wa Urusi katika karne ya 16, na hiyo ni zaidi ya miaka 500 baada ya ubatizo, katika maswali waliyowauliza wanawake waliokuja kuungama lilikuwamo hili, kama hawakwenda kwa Mokosh. Padri hamwulizi mtu swali la kitu kisichokuwapo. Na katika karne ya 19, katika vijiji vya kaskazini ya Urusi, waliokuwa wakikusanya khabari za wenyeji walimkuta bado yupo, jina lake Mokosha, anazunguka usiku, anasokota uzi wa watu walioacha kazi bila ya kuimaliza, na kondoo akikutwa amepungua sufu husema Mokosha amemkata. Hana hekalu, wala taji, wala dhahabu. Ana kazi ya mikono, na kazi ile haikukoma siku moja, awe mfalme amebatizwa au hakubatizwa, kwa sababu watoto lazima wavikwe."

"Na ile Ijumaa yao, Bibi?" akauliza Mhandisi, ambaye bila shaka alikuwa akilingojea jambo hilo.

"Ijumaa yao ni ajabu. Wana mtakatifu mwanamke, Paraskeva, na Warusi humwita Pyatnitsa, yaani Ijumaa yenyewe. Wanawake walikuwa hawasokoti siku hiyo, kwa kuwa asokotaye humtia bibi yule vumbi la kitani machoni, na ashonaye humchoma kwa sindano. Wengi wanasema kwamba ni Mokosh aliyejivika joho la mtakatifu."

"Wengi wanasema," Maalim akaingia, "na wengine wanawapinga, kwa hoja nzito: Ijumaa hiyo wanaiheshimu hata Wagiriki na Waromania, ambao hawakumjua Mokosh kamwe."

"Sikudai kuwa ni yule yule, Maalim," akajibu Bibi kwa upole. "Ninalolisema ni kwamba mwanamke aliyeketi na uzi wake usiku wa baridi, na mimi baridi ile naijua, alitaka awepo mwenye kuuona uchovu wake. Waliompa Mokosh, alimpokea. Walipompa Paraskeva, alimpokea pia. Uzi ulikuwa mmoja."

Akatusimulia na aliyoyaona mwenyewe. Mwezi wa Machi, siku ya kwanza ya majira ya kuchipua, watoto wa Kipolandi hutengeneza mwanasesere wa majani makavu, wakamvika matambara ya kike na shanga, wakamwita Marzanna, naye ndiye majira ya baridi na kifo. Humbeba mpaka mtoni wakiimba, wakamwasha moto, wakamtupa majini, na wakati wa kurudi hairuhusiwi kugeuka nyuma. "Nami nilikuwa mgeni, sijui maana yake, lakini mkono wangu ulishikwa na mtoto wa miaka saba aliyekuwa akinikaza nisigeuke, na sikugeuka." Maalim akasema kwamba Jan Długosz, mwanatarikhi wa Kraków wa karne ya 15, alimfananisha Marzanna na Ceres wa Warumi, mungu wa nafaka, katika jitihada yake ya kuwapa Wapolandi miungu yenye heshima kama ya Roma. "Watoto wale," akasema Bibi, "hawakumjua Ceres." Katika jumba la makumbusho la Kraków ameliona pia lile jiwe lililotolewa mto Zbruch mwaka 1848, nguzo ya zaidi ya mita 2 na nusu, nyuso nne chini ya kofia moja; akasema alirudi kulitazama mara tatu. Maalim alitaka kueleza kwamba hata jiwe lile wako wanaolishuku kuwa ni kazi ya karne ya 19, akaanza, akaacha. Nilimheshimu kwa kuacha, maana alikuwa amekwisha sema, na Bibi alikuwa amekwisha sikia.

Badala yake alifanya jambo ambalo sikulitarajia: alimwongezea Bibi ushahidi. Mwaka 945, akasema, Igor, mtawala wa Kiev, alipokwenda kuapa kwenye kilima cha Perun, na watu wake wakaziweka chini ngao na silaha na dhahabu, wale wa Rus waliokuwa tayari Wakristo waliapa katika kanisa la Kiev lililoitwa kwa jina la Nabii Ilyasi. Na baada ya Perun kuondoka, ngurumo ilipopiga vijijini, watu walisema ni Ilyasi anapita mbinguni na gari lake la moto. Volos naye akamwachia ng'ombe wake mtakatifu Vlasiy, jina linalokaribia lake. Lakini mashambani, hata karne ya 19, wavunaji waliyabakisha masuke ya mwisho bila ya kuyakata, wakayasuka pamoja, na katika baadhi ya vijiji wakayaita ndevu za Volos.

"Kwa hiyo kitabu changu nikitupe?" akauliza Mhandisi, na safari hii sauti yake haikuwa ya mashindano. "Maalim, nina rafiki zangu huko ambao kila usiku wa Kupala, sikukuu yao ya kiangazi, huwasha moto msituni mbele ya magogo waliyoyachonga wenyewe. Si wajinga. Babu zao walinyimwa kanisa, na babu za babu zao walinyimwa kilima, na wao wanatafuta chao. Niwaambie kwamba hawana kitu?"

"Usikitupe," nikasema mimi, kabla Maalim hajajibu. "Waambie mkate, na waambie machozi ya Kiev, na uwaambie masuke ya mwisho. Hayo ni yao na hapana awezaye kuwanyang'anya. Lakini usiwaambie Belobog." Na nilieleza kwa nini, kwa kuwa jambo hili linaniuma: Helmold ameandika kwamba katika karamu zao Waslavi wale walipitisha bakuli, wakitamka maneno kwa jina la mungu mwema na mungu mwovu, na yule mwovu walimwita Zcerneboch, mungu mweusi, jina la mwema hakuliandika, na waliokuja nyuma, kwa kuona kwamba mweusi hakosi mweupe, wakalitunga. Lada wa mapenzi ametolewa katika viitikio vya nyimbo, kama kwamba mtu asikie watu wetu wakiitikia ngoma aandike kuwa kiitikio ni mungu. Na kile kinachoitwa Kitabu cha Veles, kilichojitokeza baina ya wahamiaji wa Kirusi katika miaka ya 1950, kimeghushiwa, kama walivyothibitisha wajuzi wa lugha. Watu walionyang'anywa kilicho chao wakishapewa cha kughushi wamedhulumiwa mara ya pili, na mara hii na wale wanaojiita wapenzi wao.

Mhandisi alikaa kimya kitambo, kisha akatoa penseli mfukoni, akampa Maalim, akamwomba atie alama yale majina ambayo yana ushahidi na yale ambayo hayana. Wakaanza ukurasa wa kwanza, vichwa vimekaribiana, mzee na kijana, Sheikh akiwakumbusha: Perun alama mbili, Volos mbili, Svarozhich mbili kwa ile hoja, Stribog moja, Belobog duara tupu. Walipoufikia ukurasa wa Mokosh, Bibi Mkunga aliomba asogezewe kitabu. Mchoraji alikuwa amemvika taji la mawe mekundu, na nywele zimeshuka mpaka magotini, na mikono miwili ameinyosha mbele, mitupu, haina kitu. Bibi akaitwaa penseli kutoka kwa Maalim, akatoa mstari mwembamba kutoka mkono huu mpaka mkono ule, akaurudia mara mbili mpaka ukakolea, na adhana ikaadhiniwa.